Kununua Pesa kwa Pesa

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliisoma nikiwa shule ya msingi, nikaifafanua katika mitihani chungu nzima na hatimaye nikaifunza wengine. Hata hivyo, maana yake sikuipata barabara hadi siku nilipojikuta nimeinamia ndoo ya plastiki iliyojaa sarafu chakavu, ndani ya duka dogo katika jimbo la Ohio, nchini Marekani. Makala haya yanasimulia jinsi nilivyojaribu kukusanya sarafu za nchi ile kwa dola kumi kwa mwezi, na swali moja la mama yangu ambalo hadi leo sijamaliza kulijibu.

Nilifika Ohio mnamo Agosti 2022 nikiwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Posho niliyopewa ilitosha kodi ya chumba, chakula na kiasi kidogo cha kutuma nyumbani Voi, ambako mama yangu huuza mboga sokoni. Wiki ya pili baada ya kufika nilinunua mkate, na katika chenji niliyorudishiwa mlikuwa na sarafu ya senti tano iliyokuwa nyeusi kuliko wenzake. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Thomas Jefferson. Upande wa pili palichorwa nyumba yake, na juu ya kuba la nyumba hiyo pakasimama herufi P kubwa. Mwaka ulikuwa 1943. Mwanafunzi wangu mmoja alinishauri niipeleke kwa mzee aliyekuwa akiuza sarafu nyuma ya maktaba ya mji.

Mzee yule aliigeuza mara moja tu. Alinieleza kuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nikeli ilihitajika viwandani kwa ajili ya silaha, kwa hiyo kuanzia 1942 hadi 1945 senti tano zilitengenezwa kwa shaba, manganizi na fedha asilimia 35. Herufi ile ilikuzwa na kuwekwa juu ya kuba ili sarafu hizo zitambulike kwa urahisi vita vikiisha. Nami nikacheka peke yangu, maana katika lugha yetu madini hayo na pesa yenyewe vina jina moja. Nilikuwa nimeshika fedha ndani ya fedha, tena kwa senti tano!

Nilipomuuliza ingenigharimu kiasi gani kukusanya sarafu za Marekani, alinijibu kwamba hilo lategemea ninataka kukusanya nini. Wapo wanaotafuta kila mwaka na kila kiwanda cha serikali kilichotengeneza sarafu fulani. Hao huweza kumaliza mshahara wakiwinda senti moja ya 1909. Wapo wengine wanaochukua sarafu moja tu kwa kila aina, yaani kila umbo lililobuniwa na kila madini yaliyobadilishwa, bila kujali ni ya mwaka gani. Mkusanyaji wa namna hii hana haja na mwaka adimu. Huchukua ule uliojaa tele na ulio rahisi. Njia hii ya pili ndiyo ya mtu mwenye mfuko mwepesi, nami nikaishika.

Nilijiwekea mipaka mitatu. Kwanza, ningeanza mwaka wa 1900 na kuishia 2000, kwa sababu sarafu za kabla ya hapo nyingi zilinizidi kimo. Pili, dhahabu ningeiacha iwe ya wenyewe. Tatu, nisingetumia zaidi ya dola kumi kwa mwezi, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 1,200. Nikaketi na daftari, nikaorodhesha aina 27.

Aina tisa kati ya hizo sikuzinunua, ila nilizibadilisha kwa thamani yake ile ile. Senti moja ya Abraham Lincoln yenye masuke mawili ya ngano mgongoni, iliyotengenezwa kati ya 1909 na 1958, niliipata katika chenji. Nusu dola ya Kennedy ya siku hizi pamoja na dola za Susan B. Anthony na Sacagawea niliziomba benki. Watu wengi hawajui kwamba sarafu hizo, ambazo hazionekani madukani, karani wa benki hukupa nusu kwa nusu na dola kwa dola.

Zilizosalia zilinirudisha kwenye ndoo ya mzee. Senti yenye mwanamke aliyevikwa taji la manyoya la Wahindi Wekundu, ambayo aina yake ilikoma 1909, ilinigharimu dola mbili. Senti ya 1943, ambayo kwa sababu ya vita ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, na hivyo hunaswa na sumaku, nilitoa senti hamsini. Senti kumi ya fedha ya 1916 hadi 1945, ambayo watu huiita Mercury kwa kudhani mwanamke mwenye kofia ya mabawa ni mungu wa Kirumi, nilitoa dola tatu. Nusu dola ya mwanamke atembeaye kuelekea jua, kazi ya mchongaji yule yule, Adolph Weinman, ilinimalizia bajeti ya mwezi mzima, na dola moja ya ziada nikalazimika kuikopa katika bajeti ya mwezi uliofuata.

Naam, hapo ndipo ilipo methali yangu. Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa mizani ya 1 hadi 70. Sarafu inayong'aa kama iliyotoka kiwandani jana huweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya ndugu yake iliyochakaa. Zangu zilikuwa za nne, za sita, za nane. Nywele za yule mwanamke zilikuwa zimelainika zikawa kama maji, na mabawa yamekuwa kivuli. Mwanzoni nilizionea haya. Baadaye nikatambua kuwa mchakao huo haukuwa kasoro. Sarafu safi ilikaa kabatini, ilhali yangu ilinunua mikate, ikalipa nauli, ikapitia mikono ya watu ambao hakuna kitabu kitakachowataja.

Fauka ya hayo, mchakao una somo lake kwa mtu wa fasihi. Senti tano ya nyati, iliyotengenezwa kuanzia 1913 hadi 1938, mwaka wake uliwekwa mahali palipoinuka, basi ukawa wa kwanza kufutika. Ndoo ilikuwa na nyingi zisizo na mwaka kabisa. Mzee aliniambia kuwa wapo wanaozimwagia tindikali ili tarakimu zitokeze tena kidogo. Tarakimu hutokeza kweli, ila sarafu huharibika milele. Nilikumbuka utotoni jinsi nilivyomsugulia bibi yangu sarafu zake za zamani, zile zenye tundu katikati, kwa mchanga na ndimu, nikampelekea ziking'aa nikitarajia sifa. Bibi hakunigombeza. Nilikuja kujua katika duka lile kwamba siku hiyo niliondoa kitu kisichorudishika. Tangu hapo, kila ninaposoma mhakiki anayelilazimisha shairi kongwe litaje tarehe na mtunzi wake, huikumbuka ile tindikali.

Aina nyingine ilinifunza uzito wa neno moja. Mnamo 1883 serikali ilitoa senti tano mpya yenye tarakimu ya Kirumi ya tano mgongoni, lakini ikasahau kuandika ni tano ya nini. Walaghai wakaipaka dhahabu na kuipitisha kama dola tano. Mwaka huo huo neno la senti likaongezwa. Yangu ni ya miaka ya baadaye na neno hilo lipo, limefifia, ila linasomeka.

Darasani nako sarafu zilinifaa. Tulipokuwa tukijadili neno fedha, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini Waswahili hawatofautishi madini na pesa. Nilitoa senti kumi mbili zenye kichwa cha Franklin Roosevelt, moja ya 1964 na nyingine ya 1965, nikamwomba azitazame ukingoni. Ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu; ya pili ilikuwa na mstari mwekundu wa shaba. Sheria ya 1965 iliiondoa fedha katika senti kumi na robo dola, na katika nusu dola ikaipunguza hadi asilimia 40. Kisha niliziangusha mezani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ililia kama kengele. Ya pili ilitoa mlio mfupi usio na mwangwi. Darasa likanyamaza. Nikawaambia kuwa lugha yetu ina kumbukumbu ndefu kuliko mifuko yetu. Bado tunaita fedha kitu ambacho fedha ilikwisha kukihama.

Nilipozipanga zote mezani kwa miaka, niliona jambo ambalo sarafu moja moja haikuweza kunionyesha. Sheria ya sarafu ya 1792 iliagiza kuwe na alama ya Uhuru. Pendekezo la kuweka kichwa cha rais lilikataliwa kwa kuwa lilinuka ufalme. Kwa zaidi ya karne moja, basi, Uhuru alikuwa mwanamke. Kisha akaja Lincoln mwaka wa 1909, Washington katika robo dola mwaka wa 1932, Jefferson mwaka wa 1938, Roosevelt mwaka wa 1946, Benjamin Franklin katika nusu dola mwaka wa 1948, na Kennedy mwaka wa 1964. Mwanamke aliondoka sarafu baada ya sarafu, na wanaume waliokufa wakakikalia kiti chake. Sisi Wakenya tulipita njia hiyo kinyumenyume. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote katika pesa zetu, na sarafu za 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Nilipopata katika chenji robo dola ya 2022 yenye Maya Angelou aliyeinua mikono, niliitunza pia, ijapokuwa ilikuwa nje ya mipaka yangu.

Furaha hii nilimsimulia mama kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Yaani mwanangu, unanunua pesa kwa pesa?" Nilicheka, naye akacheka, tukayaacha hapo.

Mnamo Desemba niliivunja ahadi yangu. Mzee alikuwa na dola ya fedha ya Morgan ya 1921, nzito, pana, yenye uso wa mwanamke usiochakaa sana. Bei ilikuwa dola 34. Nilijiambia kuwa ni zawadi ya mwisho wa mwaka, kwamba fedha haiozi, kwamba mtu akitaka huiuza wakati wowote. Nikalipa.

Februari 2023 mama alipiga simu asubuhi ya kwao, usiku wa manane kwangu. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa upungufu wa karo wa shilingi 3,500. Mama hakunilaumu wala hakuitaja sarafu. Aliuliza tu kama ninacho chochote. Nami nilikuwa nikiitazama ile dola juu ya meza, na swali lake la zamani likanirudia, safari hii bila kicheko.

Asubuhi nilimrudishia mzee dola yake. Alinipa 27. Sikukasirika, maana naye ana kodi ya kulipa, lakini nilijifunza kwamba kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza pana pengo, na mnyonge ndiye huangukia humo. Nilijazia kwa nilichokuwa nacho, nikatuma. Siku ya tatu mdogo wangu alikuwa darasani.

Niliporudi Kenya mwezi Mei nilikuwa na albamu kuukuu, niliyouziwa kwa dola tatu, yenye aina 25 kati ya 27. Sarafu zile 16 nilizozinunua na kubaki nazo zilinigharimu takriban dola 90. Tundu mbili za dola za fedha, ya Morgan na ile iitwayo dola ya Amani, zimebaki wazi.

Nilidhani nimefunga ukurasa huo. Lakini mnamo Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza senti moja za mwisho za kutumika madukani. Kila moja ilikuwa ikiigharimu serikali zaidi ya senti tatu na nusu. Nayo serikali, kwa namna yake, ilikuwa ikinunua pesa kwa pesa, tena kwa hasara. Jioni hiyo niliitoa albamu. Mdogo wangu, ambaye alikwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, aliketi kando yangu akizigeuza kurasa, akayafikia matundu yale mawili.

"Hapa pamekosa nini?" akauliza.

"Hilo la kwanza ni karo yako ya muhula wa kwanza," nikamjibu. "La pili sijalifikia bado."

Mama, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, aliomba apewe ile nusu dola ya mwanamke atembeaye. Aliishika kwa vidole vyenye unyevu, nami nikajizuia kumwambia asiiguse. Aliigeuza, akaipapasa mahali nywele zilipolika, akasema, "Hii imefanya kazi." Kisha akanirudishia, akaendelea na mchicha wake.