Kabla ya Mizani

Katika shamba la chai nilikokulia, kati ya Soni na Bumbuli, ubishi kuhusu kipato cha wanawake ulikuwa na jibu lake tayari: kilo haina jinsia. Wasimamizi walilitoa, makarani walilitoa, na wanaume waliolipwa kwa mwezi walilitoa kwa sauti kubwa kupita wote. Mshale wa mizani hauulizi aliyechuma ni nani. Kilo ya mama yangu na kilo ya mwanaume wa mstari wa pili zililipwa bei moja, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Ndiyo sababu jibu lile lilidumu muda mrefu hivyo.

Mama alianza kuchuma chai kabla sijazaliwa. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukichanganya na jani la tatu lililokomaa, karani analitupa. Kapu liko mgongoni, kipande cha turubai kimefungwa kiunoni kwa ajili ya umande, na vidole vinatembea bila kungoja macho. Asubuhi majani huwa yamelowa, kwa hiyo karani wa mizani hukata uzito wa kapu, kisha hukata tena uzito wa maji, huo wa pili kwa kukadiria. Masika chai huchipua hadi watu hushindwa kuimaliza. Juni na Julai, ukungu ukikaa bondeni mpaka saa nne, kilo hushuka na hakuna wa kulaumiwa. Mwisho wa mwezi mama alileta nyumbani pesa pungufu kuliko za baba mdogo, aliyekuwa akitia kuni kwenye boila ya kiwanda. Pungufu kwa mbali. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Kamuulize babu yako, hao ndio walioanza kulipwa."

Babu alilipenda swali hilo. Kwake sababu ilikuwa kazi ya lazima. Enzi za Mjerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, mwaka 1907 wilaya iliwekewa utaratibu wa kipande: kila mwanaume alipewa kadi, na katika kila miezi 4 alitakiwa awe amemfanyia mlowezi kazi ya siku 30. Kadi yenyewe babu hakuwahi kuishika, alisimuliwa na baba yake, lakini hesabu yake aliijua. Ujira ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mke na watoto walibaki kijijini na mihogo, maharage na migomba, na chakula chao hakikuwa mzigo wa mwenye shamba. Tena mara nyingi hata huyo mwanaume alikuja kazini na mahindi ya mkewe kwenye mfuko. "Bibi yako ndiye alikuwa posho," alisema, akacheka, na bibi hakucheka.

Bibi alikuwa na yake. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukaenea Usambara nzima: watu walazimishwe kupiga matuta kwenye miteremko, na asiyepiga apigwe faini. Mashamba ya chakula kwenye miteremko hiyo yalikuwa mikononi mwa wanawake, kwa hiyo jembe lilikuwa lao, na malipo hayakuwapo. Babu alisimulia matuta kama habari ya siasa, ya TANU na ya kuwakataa mazumbe, yaani machifu, waliosimama na Mwingereza. Bibi aliyasimulia kama habari ya mgongo.

Mwaka 1984 niliajiriwa karani wa mishahara katika shamba jingine, na hapo ndipo nilipoanza kuuona ubishi ule kwa upande wa daftari. Daftari zilikuwa mbili. La kwanza lilikuwa la wanaolipwa kwa mwezi: boila, mafundi mitambo, madereva, walinzi, wanyapara, makarani wa mizani. Wanawake humo tulikuwa mimi, nesi wa zahanati, na akina mama wachache waliochambua vijiti kiwandani kwa daraja la chini kabisa. La pili lilikuwa la kilo, na hilo lilijaa wanawake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba iwe hivyo. Mwanaume akija kuomba kazi aliulizwa anaweza nini. Mwanamke akija alipewa kapu.

Kulikuwa na kundi la tatu, la kupogoa. Wapogoaji walikuwa wanaume, na walipewa ngwe: ukimaliza kipande chako umemaliza siku yako. Kijana mwenye panga kali alimaliza saa sita, akaenda kwenye viazi vyake, au kilabuni, tusidanganyane. Kilo haina saa sita. Mchumaji anayetaka kufikisha pesa ya siku anachuma mpaka mizani ya jioni, kisha ndipo aanze kutafuta kuni. Nilikaa muda mrefu na daftari zile mbili kabla sijaona kwamba tofauti kubwa haikuwa kwenye bei ya kitu chochote. Ilikuwa kwenye nani anauza kilo, nani anauza ngwe na nani anauza mwezi.

Tena kwa kilo za siku moja moja, wanawake ndio waliokuwa juu. Vidole vyao vilikuwa na miaka mingi kwenye chai. Yaliyowaangusha ni matobo ya mwezi. Leo kliniki, kesho mtoto ana homa, keshokutwa msiba wa upande wa mume ambako mke lazima akapike. Rejista ilikuwa na safu moja ya utoro, na mimi ndiye niliyeijaza. Aliyelala na pombe na aliyelala na mtoto mwenye malaria waliingia safu hiyohiyo.

Wakati wa chai ya saa nne tulibishana kwenye kibanda nyuma ya kiwanda. Mzee wa boila alikuwa na hoja ambayo hadi leo naiheshimu. "Mwanangu," aliniambia, "moto hauna kliniki. Ukizimika usiku, majani ya watu wote yameharibika." Ni kweli, chai iliyochumwa haingoji, lazima inyaushwe na kusindikwa mapema, na kiwanda hulipa anayeweza kuwapo saa yoyote. Fundi umeme, kijana aliyetoka sekondari, alisema shida ni shule: wasichana wanaishia darasa la saba. Mwingine akasema wanawake hawaombi kazi za mwezi, waombe waone. Kisha mama mmoja mchumaji, aliyepita kuchukua maji ya moto, akasimama mlangoni. "Shemeji, huo moto huwa unautia kuni umekula?" Mzee akasema ndiyo. "Na nani aliyepika?" Kibanda kizima kikaangua kicheko, mzee mwenyewe akicheka zaidi, na mjadala ukafia hapo, kama ulivyofia hapo siku nyingi.

Hoja ya nguvu za mwili ilikuwa na mashabiki wengi na ndiyo niliyoiona nyepesi kuliko zote. Mtu aliyeona wanawake wa Usambara wakishuka na tenga la kabichi kichwani kwenye njia ya utelezi, mtoto mgongoni, hawezi kuniambia habari za nguvu. Hoja ya shule ilikuwa na uzito, ila haikueleza kila kitu: kutia kuni hakuhitaji kidato cha nne, na ulinzi hauhitaji hata darasa la saba.

Kilichonigeuza ni bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalivutwa hadi karibu na kambi za wafanyakazi. Kabla ya hapo akina mama waliyafuata mtoni alfajiri, kwenda kushuka na kurudi kupanda. Mizani ilikuwa inapigwa asubuhi, mchana na jioni, na kila mara karani aliandika. Baada ya bomba, safu ya asubuhi ilianza kujaa majina ambayo zamani yalionekana mchana tu. Yalikuwa majina ya wanawake wenye watoto wadogo. Safu ya wanaume haikubadilika, kwa kuwa wao maji hayakuwa yamewachelewesha. Bei ya kilo ilikuwa ileile, mizani ileile, karani yuleyule. Tangu siku hizo, mtu akinitajia jinsia na kilo humwuliza kwanza maji yako wapi.

Sheria ilikuja baadaye. Tanzania iliridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ujira sawa, wa mwaka 1951, mwaka 2002, nusu karne baada ya kuandikwa. Ikafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayomtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Ofisa wa chama cha wafanyakazi alikuja na kijitabu, akatusomea kipengele hicho mara mbili, na mabishano yakahama kabisa. Zamani tuliuliza kama wanalipwa sawa kwa kazi ileile, na jibu lilikuwa ndiyo. Sasa swali likawa kazi zipi zinalingana. Je, kupogoa kunalingana na kuchuma? Nani atapima, na kwa mizani ipi?

Mama mmoja alipendekeza wabadilishane kwa siku moja. Wapogoaji walikataa kwa heshima, isipokuwa mmoja aliyejitoa kwa utani, na kapu alilolileta kwenye mizani ya asubuhi lilikuwa na vijiti vingi kuliko chai. Karani alilikataa lote. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyesema kuchuma ni kazi nyepesi.

Sheria hiyohiyo ilituletea fumbo jingine. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kama ni mapacha. Baba ana siku 3. Mama akirudi kazini, anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Kwa nesi wa zahanati, saa hizo zilikuwa saa. Kwa mchumaji, saa 2 ni kapu zima. Sheria inampa ruhusa ya kwenda na mizani inamkata kwa kuwa hakuwapo, na hakuna aliyevunja kifungu chochote. Wengi waliacha kuiomba ruhusa hiyo. Wakambeba mtoto hadi shambani, wakamwachia dada yake wa miaka saba chini ya mti, na huyo dada naye siku hiyo hakwenda shule. Fundi umeme aliyesema shida ni shule angeweza kuanzia hapo.

Kwa wakulima wadogo hali ilikuwa nyingine, na sidhani ilikuwa bora. Huko hapakuwa na mwajiri wa kulaumiwa. Mume ndiye mwenye shamba, kwa hiyo jina kwenye daftari la chai lilikuwa lake; mke na watoto walichuma, malipo yakaenda kwenye jina. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, chai ya vijiji vingi ilibaki ikigeuka vichaka, na wanawake waliokuwa wakichumia jina la mtu wakaenda kutafuta kibarua chenye jina lao.

Walikipata kwenye mboga. Leo pesa ya milimani iko kwenye karoti, kabichi, pilipili hoho na viazi, na usiku fuso zinateremka kutoka Lukozi kwenda Mombo na kuendelea hadi Dar es Salaam. Dalali ni mwanaume, dereva ni mwanaume, mpakiaji ni mwanaume. Kupalilia, kupandikiza na kuosha karoti ni wanawake. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilipandishwa kuanzia Januari 2023 kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, lakini mpalizi wa karoti hana mwezi, ana siku, na bei ya siku hupangwa kwa mdomo ukingoni mwa shamba.

Mwaka huohuo wa 2023 Claudia Goldin wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alikuwa amechimba takwimu za zaidi ya miaka 200 za nchi yake na kuonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa, na kwamba kazi zinazolipa sana ni zile zinazotaka mtu awepo wakati wowote. Binti wa dada yangu, aliyekuwa akisoma sheria hapa Lushoto, alimweleza mama yangu habari hiyo jikoni. Mama, bado ana masikio mazuri, alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe na huko wana boila," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mimi sasa nimestaafu, nina robo eka ya kabichi Magamba, na nimekuwa upande wa anayelipa, upande ambao una maelezo mengi. Msimu uliopita vibarua wangu walikuwa wanaume wawili wa kupiga dawa na wanawake watano wa kupalilia, na kwa desturi ya hapa pampu inalipwa zaidi ya jembe la palizi. Mmoja wa wanawake aliomba pampu. Jirani yangu akapaaza sauti kutoka shambani kwake kwamba pampu ni nzito. Mwanamke akamwambia, "Baba, tenga nililokuuzia jana ulilinyanyua?" Akavaa pampu, nikamfunga barakoa, akapiga dawa mistari yote ya chini.

Jioni nilimlipa bei ya pampu. Siku ya pili wakaja wanawake watatu wanaoitaka, na jirani akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama sasa kwa kuwa kina mama wanaiweza, bei yake haiwezi kushuka kidogo. Nilimwambia aende akawaulize wale wanaume wawili kwanza. Bado hajaenda, na mvua za vuli zimeshaanza.