Uzi wa Kungojea

Zamani, aliyekuwa akimngoja msafiri katika visiwa hivi alikuwa na kalenda yake, nayo ni upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, majahazi yaliingia kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi ilipoanza, mnamo Aprili, yalitweka matanga kurejea yalikotoka. Mke wa baharia aliujua mwezi wa kuanza kuchungulia bandarini. Aliujua pia mwezi ambao, ukipita bila ya habari, hapana budi moyo uanze kuzoea jambo jengine. Kungoja kulikuwa na mwanzo wake na mwisho wake.

Sisi wazazi wa leo twangoja bila ya msimu. Ndege huingia kila siku, lakini mwanetu yuko Toronto mwaka wa 11 sasa. Kilichomzuia si bahari wala pepo zake, bali ni karatasi: kwanza kibali cha kukaa, kisha cha kufanya kazi, kisha uraia. Karatasi zilipotimia, ikawa nauli ya watu watatu, maana huko ameoa na amejaaliwa mtoto wa kiume. Wao wakiwa katika majira ya baridi, saa mbili za usiku kwetu huwa ni saa sita za mchana kwao. Hiyo ndiyo saa yetu. Simu hulia, akatwambia "Shikamooni", tukaonana nyuso kwa dakika za mapumziko yake ya kazi, kisha kioo kikawa cheusi.

Wapenzi wa ushairi wanamkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa. Mama yule alimtaka mwanawe asogee, aketi karibu naye, ndipo aseme. Nami nina maneno ya kumwambia mwanangu, lakini maneno ya namna ile hayataki haraka, wala hayasemeki mbele ya watu wanaopita nyuma yake na sahani za chakula. Basi huyaweka. Huyaweka katika uzi.

Nyumbani mwetu sote wawili tuna kazi ya mikono. Babake anamshonea mwanawe kofia ya mkono. Mimi namfumia mjukuu sweta la sufu. Jirani zangu hucheka kuona sufu katika joto hili, na wana haki. Kufuma nilifunzwa skuli, nikafuma kofia na soksi za watoto wachanga wa ukoo mzima, lakini sweta la mtu wa kutembea kwenye theluji ndilo la kwanza.

Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Mfumaji ana uzi mmoja tu: kila kitanzi kinashikwa na chenziwe, na kimoja kikiponyoka kwenye sindano, vilivyo chini yake huanza kufumuka mmoja baada ya mwengine. Kofia haiko hivyo. Kitambaa chake huchorwa nakshi kwanza, kisha vitundu vidogo vidogo hutobolewa, na kila kimoja huzungushiwa uzi peke yake kikafungwa. Uzi wa kitundu kimoja ukikatika, vyengine husalia vilivyo. Ndiyo maana kofia njema huchukua miezi, na ndiyo maana hudumu. Mume wangu husema kwamba mimi nafuma ukoo, yeye anashona subira.

Tatizo letu ni moja: vipimo. Kofia ya mkono haina kunyooka. Ikiwa ndogo haiingii, ikiwa kubwa huangukia masikioni. Babake alitaka kuitandia kwenye faruma ile ile aliyoitumia mwanawe alipokuwa na miaka 22. Nikamwambia, kichwa cha mtu wa miaka 33 hukijui. Tulimwomba mwenyewe ajipime kwa uzi. Akajibu kwa upole kwamba tusijisumbue, yoyote itamfaa. Hakujua kwamba jibu lile lilimnyamazisha babake usiku kucha. Mjukuu naye hana kipimo kinachokaa; kila nikimaliza mkono mmoja wa sweta, naambiwa amekua.

Kisha likaja jambo la macho. Ukanda wa kofia ulipokwisha, ikabaki duara la utosini, mzee mwenzangu alianza kulaumu uzi, akalaumu sindano, akalaumu taa. Daktari alimpima akasema ni mtoto wa jicho. Ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho, na dawa yake ni kuitoa lenzi ile kwa upasuaji na kutia ya bandia. Watu wengi hupasuliwa wakaona tena. Yeye alikataa kufanyiwa hadi mwanawe afike, awe naye. "Mtoto huyu atamngoja mwenzake," alisema, na sikujua kama nicheke au nilie. Tangu hapo kofia imo mikononi mwangu. Mkono wangu si mkono wake. Mwenye kuangalia vizuri ataona pahala alipoachia yeye na pahala nilipopokea mimi.

Najua kuna waliongoja zaidi yetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurejea kuzuru hadi mwaka 1984. Alimdiriki babake muda mfupi kabla hajafariki. Watu humtaja kwa vitabu vyake; mimi, kila nikisikia jina lake, humfikiria mzee yule na miaka ile.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa msomaji mwenye mtu ng'ambo, naomba ruhusa ya kuupinga msemo huo. Lake lipo. Lipo kwenye kabati, limekunjwa, linanuka karafuu.

Tikiti zimekatwa, watafika kaskazi hii, kwa wiki nne. Kwa miaka yote 11 mwanetu alikuwa akituambia, "Nitarudi." Safari hii amesema, "Tutakuja." Lugha yetu haichanganyi maneno hayo mawili. Anayerudi anarudi kwao. Anayekuja ana pahala pengine pa kurudi. Babake hakulisikia, au alijifanya hakulisikia. Mimi nililisikia, nikaendelea kuzungusha uzi kwenye kitundu nilichokuwa nacho. Vimebaki vitundu 19. Vikiisha, kofia itakuwa tayari kwa kichwa chochote kitakachoingia mlangoni, cha mwenyeji au cha mgeni, maadamu ni kile nilichokizaa.