Bundi Mbele ya Kamera

Katika ndege wote wa nchi yetu hapana aonekanaye kwa uchache na asemwaye kwa wingi kama bundi. Njiwa ana watetezi, kunguru ana maadui na marafiki, jogoo huheshimiwa kwa saa yake. Bundi peke yake huhukumiwa kwa sauti tu, na wengi wa mahakimu wake hawajapata kuuona uso wake. Akilia usiku juu ya paa la mgonjwa husemwa kuwa ameleta mauti, ingawa mgonjwa alikuwa kitandani mwezi mzima kabla ya ndege kufika. Hapa Awendo, ambapo Waluo humwita tula, hukumu hiyo ni nzito kama ilivyo pwani, na adhabu yake ni jiwe.

Nataka kukueleza, msomaji, jinsi ndege huyu apigwavyo picha katika nuru haba, na jinsi picha hiyo isafishwavyo baadaye. Usidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Picha ya mtuhumiwa ni ushahidi, na ushahidi huweza kuokoa au kuua.

Jua kwanza mahali na saa. Tangu kampuni ya sukari ya South Nyanza ilipoundwa mwaka 1976, muwa umetawala mashamba mengi ya Awendo. Panya hupenda muwa na mahindi. Bundi hupenda panya. Shamba likikatwa, panya hupoteza maficho yao, na bundi yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hushuka jioni juu ya nguzo au kisiki akangoja. Hana haja kubwa ya kuona. Mtaalamu wa Marekani, Roger Payne, alithibitisha kwa majaribio kwamba bundi wa aina hii huweza kumkamata panya katika giza totoro kwa kusikia tu. Masikio yake hayalingani kimo, moja li juu kidogo kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo hutambua kama mchakacho umetoka juu au chini.

Mpigapicha hakujaliwa masikio hayo. Yeye ni mtumwa wa nuru, na nuru ya Awendo haina subira, maana tuko kasoro ya digrii moja kusini mwa ikweta. Jua likizama, kama saa kumi na mbili na nusu, hubaki dakika 20 na kitu za mwanga wa kufaa. Mwenzako wa London katika mwezi wa Juni hupewa zaidi ya dakika 40. Basi hapana budi uwe umekwisha kuketi mahali pako kabla ya machweo, kamera juu ya kiweko cha miguu mitatu, kinywa kimefungwa, na mbu wamekwisha kukuzoea.

Nuru huingia katika kamera kwa milango miwili. Wa kwanza ni tundu la lenzi: tarakimu 4 huingiza nuru maradufu ya tarakimu 5.6, kwa kuwa tarakimu ndogo ni tundu kubwa. Wa pili ni muda. Bundi arukaye hutaka muda mfupi, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na jioni muda huo hauleti kitu ila kivuli. Bundi atuliaye ni mwema zaidi kwa maskini wa nuru. Hutulia kama sanamu, na sehemu moja ya 30 ya sekunde yaweza kumtosha, mradi kiweko ni imara na hukibonyezi kitufe kwa pupa. Milango ikiisha kufunguliwa kadiri iwezekanavyo, limebaki jambo moja, nalo ni kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi, kwa kipimo kiitwacho ISO. Ukikifikisha 6400, giza hugeuka picha. Lakini picha hiyo hutapakaa chembechembe kama unga wa muhogo uliomwagika juu ya kitambaa cheusi.

Watu huzilaumu kamera kwa chembechembe hizo. Lawama nyingi hazistahili. Umepata kutazama ua uliofagiwa wakati matone ya kwanza ya mvua yanapoanguka? Hapa matone matatu, pale moja, kando hakuna hata moja. Ukiuangalia ua huo utadhani mvua ina upendeleo. Subiri inyeshe sawasawa, na ua wote utalowa rangi moja. Nuru nayo huanguka kwa matone. Ikiwa haba, kila nukta ya picha hupokea kwa bahati yake, na kutolingana huko ndiko tunakokuona kama chembechembe.

Dawa yake imo katika mfano huo huo: kusanya mvua zaidi. Maadamu bundi ametulia, piga picha 16 mfululizo badala ya moja, kisha uiamuru kompyuta izilaze moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake. Chembechembe hupungua hadi robo, kwa sababu robo hiyo hutokana na kipeuo cha pili cha 16, ambacho ni 4. Nimeifanya kazi hii mara nyingi na sijaona nyingine iliyo safi kama hiyo, kwani kila unyoya utokeao katika picha ya mwisho ulikuwapo kwenye nguzo. Hifadhi pia faili ghafi la kamera. Faili la namna hiyo aghalabu huweka daraja 16,384 za mwangaza, ilhali picha ya kawaida itumwayo kwa simu ina daraja 256 tu kwa kila rangi. Ukijaribu kuliinua giza lake litakatika vipande vipande.

Utauliza, kwa nini nisitumie taa ya mmweko nikamaliza taabu? Wako mafundi waitumiao kwa uangalifu, wala siwaiti wakatili. Mimi siitumii, kwa sababu macho yaliyoumbwa kwa ajili ya usiku ni mali ya mwenyewe. Wala sisogei karibu na kiota. Mwaka 1937, huko Wales, Mwingereza Eric Hosking alikiendea kiota cha bundi usiku ili apige picha. Bundi alimrukia gizani, na Hosking akapoteza jicho lake la kushoto. Aliendelea na kazi yake, akawa mpigapicha mashuhuri wa ndege, na mwaka 1970 alitoa kitabu cha maisha yake alichokiita An Eye for a Bird. Ndege yule hakuwa na uchawi. Alikuwa na makinda.

Sasa twende mezani, penye kompyuta, ambapo hatari ni kubwa kuliko porini. Kuliinua giza kidogo ili uso uonekane ni halali. Kuiondoa rangi ya samawati ambayo jioni huitia katika kila kitu, kwa kuulinganisha weupe wa manyoya, ni halali. Lakini siku hizi ziko programu zilizofunzwa kwa picha nyingi mno, nazo hujaza unyoya pale ambapo kamera haikuona unyoya. Matokeo hupendeza sana. Naziogopa kwa sababu hiyo hiyo: shahidi asemaye asichokiona, hata akisema kwa ufasaha, ni shahidi wa uongo.

Uongo wa namna hiyo nimeuona ukifanya kazi hapa. Bundi mmoja alikaa darini mwa ghala kuukuu. Kijana fulani alimpiga picha kwa simu, akaizidishia giza, akayatia macho rangi nyekundu, kisha akaisambaza. Macho ya bundi huyu ni meusi. Siku ya pili yalikuwapo mawe yaliyokusanywa mlangoni mwa ghala, na aliyesimama mbele ya wote alikuwa bibi mzee jirani yangu, mwenye shamba la mahindi upande wa pili wa njia.

Nilimpelekea picha yangu ya wiki iliyotangulia, imechapwa kwenye karatasi. Aliisogeza mbali, akaileta karibu.

“Huyu ndiye tula?”

“Ndiye, dani.”

“Mbona ana uso wa mtoto? Na hicho mdomoni?”

“Panya, dani.”

“Panya wa mahindi yangu?”

“Yamkini. Alitokea upande wa shamba lako.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akawaambia vijana wayatumie mawe yale kuziba shimo la njiani, nao wakafanya hivyo kwa uvivu. Usifikiri kwamba aliacha imani yake. Aliniambia waziwazi kwamba ndege yule akithubutu kulia juu ya paa lake, atamtupia kijinga cha moto kama alivyofanya mama yake. Ila ghalani na shambani, amempa ruhusa.

Kabla sijaondoka alinirudishia karatasi akaomba jambo moja. “Mjukuu wangu, huwezi kumkuza huyu panya kidogo, hata wasioona vizuri wamtambue?” Kompyuta ingeweza kulifanya hilo kwa muda mfupi kuliko wa kunywa maji, na lingekuwa kwa faida ya bundi. Nilikataa. Nilichofanya ni kukata kingo za picha, mbingu na majani yasiyohitajika, nikaichapa upya katika karatasi pana zaidi, ndege na panya wakiwa katika kadiri yao ile ile. Dani aliitazama, akasema panya bado ni mdogo, akaitundika ukutani kando ya kalenda.