Gari la mzee limekuwa zana ya kufundishia

Najua nimewatupa karibu wiki tatu, samahanini sana. Tulikuwa na tesiti mfululizo, halafu nikaitwa nyumbani Moro, na huko ndiko ilikotokea stori ya leo. Ni ndefu kidogo, mwenye chai yake ajimiminie kabisa.

Wale tuliokuwa wote tangu mwaka wa kwanza mnalikumbuka lile Corolla letu jeupe. Ndilo lililonileta Mabibo, godoro limefungwa juu ya paa kwa kamba ya katani, mkacheka mpaka basi. Ni la mwaka 1998, mzee alilinunua mtumba wa Japani mwaka 2006. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo kusema kweli sijui nyumba yetu bila lile gari.

Sasa, tangu mwaka jana mzee ana presha ya macho. Kwa wasioijua, ugonjwa huu una ujanja wa kuanza kula pembeni. Mtu mbele anaona vizuri tu, anasoma gazeti, anakwambia mimi mzima. Kumbe mtoto anayetokea kushoto na baiskeli hamuoni. Na kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa za matone zinazuia tu usiendelee. Daktari alimwambia aache kuendesha. Mzee akaitikia ndiyo, akatoka pale, akashika usukani mpaka nyumbani.

Mama ndiye aliyenipigia. "Njoo uongee na baba yako, wewe anakusikiliza." Nikapanda treni ya SGR, elfu kumi na tatu yangu ikaenda (bumu lenyewe lilikuwa linahema), nikafika Moro mchana.

Nilijua hotuba haitasaidia. Mzee alifundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, hotuba zote anazo yeye. Nikamwomba namba ya gari tuangalie kwenye simu kama linadaiwa. Zikatoka faini mbili, elfu thelathini thelathini, zote za mwendo kasi, na zote mahali pamoja, penye kibao cha 50. Mzee hakujua hata kama zipo. Akanyamaza. Baada ya muda akauliza, "Hicho kibao kiko upande gani?" Nikamwambia kushoto, baba. Akasema "aah" basi. Kesho yake asubuhi nikakuta funguo iko mezani, pembeni ya redio.

Hapo ndipo vita vya pili vikaanza: gari linakwenda wapi? Kaka alishapata dalali, milioni tatu taslimu. Na mimi nitubu mbele yenu, nilikuwa upande wa kaka. Nilishaanza kuigawa ile hela kichwani. Laptop yangu mnaijua, inawaka kwa sala, na risechi ndiyo hiyo inakuja. Lakini mzee akasema haliuzwi. Hataki kuliona mjini limepakwa rangi nyingine, linaendeshwa na mtu asiyemjua. Litatolewa sadaka.

Tukaenda kwanza kwenye kituo kimoja cha kulea watoto. Mlezi alitupokea vizuri, akatupa na soda, kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. "Mzee wangu, asante sana. Ila gari lina mdomo. Mafuta nani atalipa? Bima? Matairi? Na watoto wangu hawaenei humo." Alisema kwa adabu, lakini alikuwa amekataa. Njiani kaka akacheka, ona sasa, hata bure hawalitaka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza ni mara ngapi tunawapelekea watu vitu vya kututua mzigo sisi, halafu tunasubiri tushukuriwe.

Yule mlezi ndiye aliyetuelekeza kwenye kituo cha ufundi cha vijana, hapo hapo mjini. Wengi ni waliokwama kidato cha nne. Darasa la makenika lilikuwa na injini moja tu, imewekwa juu ya meza, haiwaki. Mwalimu wao akafungua boneti ya Corolla, akawasha, akasikiliza kama daktari. "Hili ndilo tunalolitaka. Injini ya mezani ukiifunga vibaya haikwambii. Hili litakataa kuwaka."

Mzee akauliza, "Kwa hiyo mtalipasua?"

"Tutalifungua na kulifunga, mwalimu. Kila muhula."

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Basi sawa. Hiyo ndiyo zana."

Wadau wa elimu mmesikia? Sisi tumekaa Yombo tunakariri faida za zana za kufundishia, tukienda TP tunachora maboksi kwenye manila. Mzee hakuhitaji slaidi.

Kwa mwenye mpango kama huu, msifanye kwa maneno ya mdomo. Tulilipa kwanza zile faini, tukaandikishana hati ya zawadi kwa wakili, kisha tukaenda TRA na kadi halisi ya gari na TIN za pande zote mbili kuhamisha umiliki. Usipohamisha, gari likifanya kosa mwakani, deni linasoma jina lako. Sadaka isije ikawa kesi.

Kabla sijarudi chuo tulikwenda kuwaona. Walishaanza. Binti mmoja, nadhani mdogo kuliko mimi, alikuwa amechomoa waya za plagi zote nne na anazirudisha. Mzee akamuuliza kwa nini hazifuati mpangilio, moja, mbili, tatu, nne. Yule binti akamwambia, "Shikamoo babu. Zinawaka moja, tatu, nne, mbili. Ukizifuatanisha haliwaki." Mzee akamwambia athibitishe. Binti akazipanga kimakosa kusudi, akapiga ufunguo, gari likakohoa weee, likagoma. Akazipanga sawasawa, likawaka.

Miaka yote hiyo anaendesha, mzee hakuwa anajua hilo. Alicheka peke yake, akaomba aelezwe tena kwa nini. Na binti akamweleza tena, kidole kikionyesha waya moja moja, polepole, maana aliona babu anageuza kichwa kizima ili aone.

Tukarudi nyumbani kwa daladala. Mzee alikaa dirishani, mimi kushoto kwake, ule upande wa kibao. Hakusema kitu mpaka tunashuka, akaniambia, "Wewe ukienda kufundisha, wape kitu kinachoweza kugoma."

Milioni tatu sina, laptop ni ile ile, na haya nimeyaandika nikiwa nimeichomeka ukutani maana betri ilishakufa. Je, kwenu kuna mzee ambaye hataki kuachia usukani? Mlimwambiaje? Niishie hapa, kesho saa mbili nina presentesheni na sijagusa kitu. Tuombeane.