Watu Mia Moja na Wanane

Iko aina ya mchezo wa video iliyo karibu na hadithi ndefu kuliko ilivyo karibu na kandanda. Mchezaji hupewa nafsi ya mtu fulani, akatembea nayo mijini na nyikani, akapigana, akanunua silaha, akazungumza na kila apitaye, mpaka safari ikafika mwisho baada ya saa nyingi za kukaa mbele ya kioo. Njiani hukutana na watu wawezao kufuatana naye. Baadhi yao hadithi yenyewe humkabidhi, apende asipende. Wengine hawajilazimishi. Hukaa kijijini mwao, ndani ya nyumba isiyo na alama yoyote, na mchezaji aweza kuumaliza mchezo wote asijue kuwa walikuwapo. Hao wa pili ndio ninaotaka kuwanena hapa.

Swali juu yao niliulizwa na ndugu yangu mdogo, kijana wa kidato cha tatu, wakati wa likizo. Tulikuwa tumeketi mbele ya kompyuta yangu. Alinitazama nikizunguka vijiji vitatu kumtafuta mpishi mmoja, akachoka kunisubiri, akasema, “Kaka, wapiganao ni sita tu. Hao wengine unawaandikisha wa nini? Wanakula bure.” Msomaji asimwone mkali. Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mchezo wenyewe waitwa Suikoden. Ulitolewa Japani na kampuni ya Konami mwaka 1995, na mbunifu wake mkuu alikuwa Yoshitaka Murayama, aliyefariki dunia Februari 2024. Jina hilo ni matamshi ya Kijapani ya kitabu mashuhuri cha Kichina kisimuliacho habari za watu 108 waliotengwa na sheria, wakakusanyika penye kinamasi cha mlima Liangshan. Murayama aliichukua hesabu hiyo ya 108 akaihamishia katika nchi ya kubuniwa. Kijana, mwana wa jemadari mkubwa wa dola, analazimika kuukimbia utawala alioutumikia baba yake. Anapata ngome iliyoachwa ukiwa katikati ya ziwa. Na huko anaanza kukusanya watu. Mimi niliujua mchezo huu kwa mara ya kwanza nilipokuwa chuo cha ualimu, kwa mashine kuukuu ya mwenzangu mmoja wa bwenini. Ulipotolewa upya mwaka 2025 ukiwa umesafishwa picha zake, niliununua bila kujiuliza mara mbili.

Turejee kwenye hesabu. Ni kweli kuwa kikosi cha vita kina nafasi sita. Ni kweli pia kuwa mchezaji aliye na sita hodari hapati nguvu mpya kwa kumwongeza wa themanini. Jambo moja tu hupunguza makali ya hoja hiyo: katika mchezo huu mgeni aliye dhaifu, akishiriki pambano moja au mawili pamoja na wakongwe, hupanda daraja kadhaa kwa mkupuo, kwa kuwa malipo ya ujuzi hutolewa kwa kulinganisha udhaifu wake na ukali wa adui. Kwa hiyo hakuna anayechelewa mno asiweze kusaidia. Lakini wengi wao hawatasaidia vitani hata hivyo. Wengine hawana silaha kabisa, na hawawezi kuingizwa kikosini hata ukitaka.

Sasa mtazame mtu kama Sansuke. Sansuke hapigani. Akija ngomeni hujenga bafu. Bafu hilo halimwongezei shujaa nguvu hata chembe. Marie huja akafungua nyumba ya kulala wageni, na Antonio humpikia. Mwingine huja akawa mlinzi wa ghala, na toka siku hiyo mizigo iliyokuwa ikijaa mikobani hupata pa kuwekwa. Msichana Viki ana uchawi wa kuwahamisha watu kufumba na kufumbua, basi safari iliyokuwa ikila robo saa hukatwa ikawa si kitu. Yupo hata kijana ambaye kazi yake ni kusimama karibu na lango na kumtajia kila aingiaye jina la ngome. Nakiri kuwa huyo nampenda kuliko wengi wa wapiganaji.

Mtu akiyatazama haya moja moja ataona ni mambo madogo, na ndivyo yalivyo. Ajabu yake huja kwa mlundikano. Siku ya kwanza ngome ile ni mapango yenye giza na mwangwi. Baada ya watu ishirini ina ghorofa mpya na taa. Baada ya sitini mtu hawezi kuvuka ukumbi bila kumpita mtu amjuaye, na kila amjuaye ana sababu yake ya kuwapo hapo: huyu alifiwa, yule alishindwa kwa dadu, yule alikuja kwa kufuata chakula. Mchezaji aliyesikia tangu mwanzo kuwa anaongoza maasi dhidi ya dola huanza sasa kuyaona maasi yenyewe. Kabla ya hapo yalikuwa maneno ya wahusika. Hili ndilo jibu langu la kwanza kwa ndugu yangu: mtu wa pembeni haongezi upanga, huongeza mahali. Na vita vya hadithi havina maana kama hapana mahali pa kupigania.

Kuna kazi nyingine wanayoifanya, nayo humfanyia mchezaji badala ya shujaa. Kwa kuwa hawajui watakaa wapi, mchezaji hulazimika kurudi katika miji aliyokwisha kuipita, na kubisha milango aliyoipuuza. Mwendo wake hubadilika. Aliyekuwa akikimbia kuelekea adui wa mwisho huanza kuuliza habari za watu wasiohusika na adui huyo. Nimeiona tabia hii kwa vijana niliowatazama wakicheza, na sijui mbinu nyingine ya mchezo impunguzayo mtu haraka bila kumkataza.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi, maana wana upungufu mkubwa, na chanzo chake kiko katika ule uhuru wenyewe. Mtunzi wa mchezo hana hakika kama mtu wa hiari atakuwapo wakati wa tukio kubwa. Hawezi basi kumwachia neno zito, wala kumfanya mlango wa siri ya hadithi, kwa kuwa mlango huo utafungwa kwa kila mchezaji ambaye hakumpata. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, Yuffie na Vincent ni watu wa namna hiyo; wana visa vyao vizuri, lakini hadithi kubwa hupita kando yao kama mto upitao kando ya mwamba. Chrono Cross ya mwaka 1999 ilizidi. Ina masahaba zaidi ya arubaini, na wengi wao, katika mazungumzo ya safari, husema jambo lile lile. Katika tafsiri ya Kiingereza yalitumiwa maneno ya asili moja yaliyopitishwa katika programu ya kuyapindua yafuate lafudhi ya kila mmoja. Mwerevu na mjinga, mwana wa mfalme na mvuvi, wote wana wazo moja kwa sauti arubaini. Hapo nathubutu kusema kuwa wingi uliwaua watu badala ya kuwahuisha.

Suikoden iliikwepa hatari hiyo kwa njia moja ambayo baadhi ya wachezaji wataipenda na wengine wataichukia: iliweka tuzo. Shujaa ana mtumishi aitwaye Gremio, aliyemlea tangu utoto, anayemhangaikia mpaka anachosha. Katikati ya hadithi, gerezani, adui anawafungulia sumu ya vimelea wanaokula watu. Gremio anafunga mlango yeye akiwa upande wa sumu, wenzake wakiwa upande wa pili, na hakubali kuufungua. Anafia hapo. Hakuna awezaye kulizuia jambo hili, hata akicheza mara mia. Isipokuwa, msomaji, mchezaji akiwakusanya wote waliobaki kabla ya shambulio la mwisho, wala asimkose hata mmoja, nyota zao 108 hutimia na Gremio hurudi akiwa hai.

Kwa hiyo mpishi yule niliyekuwa nikimtafuta alikuwa na uzito ambao hesabu ya ndugu yangu haikuuona. Uhai wa Gremio unategemea mpishi, mjenzi wa bafu na kijana wa lango, sawasawa na unavyowategemea majemadari. Kadhalika wako wanaoweza kupotea moja kwa moja. Pahn, mlinzi wa nyumba ya shujaa, ndiye aliyekwenda kutoa habari kwa wakubwa mwanzoni mwa hadithi. Baadaye hurudi na kupokewa. Kisha siku moja hujitolea kupambana peke yake na baba wa shujaa ili wenzake wapate nafasi ya kukimbia. Mchezaji aliyemdharau kwa sababu ya usaliti wake, asimfundishe wala asiunoe uzito wa silaha yake, humwona akifa katika pambano hilo, na pamoja naye hufa tumaini la Gremio.

Nilipomweleza ndugu yangu haya alinyamaza kidogo, kisha akanipiga swali kali kuliko la kwanza. “Basi hata wewe,” akasema, “humtafuti mpishi kwa ajili ya mpishi. Unanunua uhai wa Gremio, na bei yake ni watu.” Sikuwa na jibu la papo hapo. Anasema kweli kwamba tuzo ikishajulikana, watu hugeuka kuwa orodha. Wako wachezaji wanaoweka kando yao karatasi yenye majina yote, wakayapiga mstari moja baada ya jingine, wala wasisome neno ambalo mtu huyo alilisema alipokubali kujiunga. Ngomeni kuna bamba la jiwe lililoandikwa majina, na nafasi tupu kwa wale ambao hawajapatikana. Nafasi hizo tupu huumiza macho ya mtu apendaye ukamilifu. Mimi nimefundishwa ualimu. Najua jinsi daftari la mahudhurio linavyoweza kujaa vizuri kabisa huku mwalimu hajui ni nani aliyeketi dawati la nyuma.

Nikamtajia mchezo mwingine usio na tuzo ya namna hiyo. Katika Final Fantasy VI ya mwaka 1994 dunia huangamizwa katikati ya hadithi, na masahaba hutawanyika. Celes huamka kisiwani. Hadithi humlazimu kuwapata Edgar na Setzer peke yao. Baada ya hapo chombo cha angani huwa mkononi mwa mchezaji, na aweza kwenda moja kwa moja kumkabili adui. Wengine wote ni hiari, hata Terra, aliyekuwa moyo wa nusu ya kwanza. Terra yuko katika kijiji cha Mobliz akiwalea watoto yatima, na mara ya kwanza akifikiwa hayuko tayari kupigana. Hakuna mfu atakayefufuka kwa kuwapata hao. Anayewatafuta huwatafuta kwa kuwa walitengana, na anataka kujua kama wangali hai. Ndugu yangu alikubali kuwa huo ni utafutaji safi zaidi. Hata hivyo aliongeza kuwa ni rahisi kuwatafuta watu uliokwisha kuishi nao. Mpishi wa Suikoden ni mgeni kabisa.

Akaendelea kucheza mwenyewe, kwa njia yake, na akamaliza akiwa na watu wachache kupungua mia. Gremio hakurudi. Mwisho wa mchezo ule kuna jambo ambalo sikumwambia mapema: kila mtu aliyeandikishwa huonyeshwa, mmoja mmoja, na chini ya jina lake husemwa alikwenda wapi baada ya vita. Huyu alirudi kijijini, yule alifungua duka, mwingine alisafiri wala hakuonekana tena. Orodha ni ndefu, na muziki wake ni wa taratibu. Alikaa akaisoma yote. Ilipokwisha aliuliza kuhusu mtu mmoja aliyemkumbuka, aliyewahi kuzungumza naye penye kijiji fulani akamwacha, kama ilisemwa alikokwenda. Nikamwambia kuwa asiyeandikishwa haandikiwi mwisho. Aliuliza kijiji kile kilikuwa upande gani wa ziwa.