Kambi ya watoto Kilimanjaro: kazi ya anko anayelala macho nusu

Basi la wanafunzi kutoka Dar es Salaam likikata kushoto, kulia au popote pale njiani, watoto hawana habari. Wanaanza kuchungulia dirishani likifika Himo, pale barabara ya Marangu inapoiacha ile ya Moshi mjini na kuanza kupanda. Vumbi linaisha, migomba inaanza, madirisha yanafungwa moja moja. Waliokuwa wanalalamika joto tangu Mwanga sasa wanatafuta masweta yaliyo chini kabisa ya mabegi.

Hapo ndipo kazi ya kiongozi wa kundi inapoanza. Watoto humwita anko au dada, wengine mwalimu, ingawa wengi wao si walimu. Ni vijana waliomaliza chuo juzi juzi au walioko likizo, wanaolala kambini na kundi la watoto kama kumi hivi kwa wiki nzima. Kwenye picha ambazo wazazi hutumiwa kwa WhatsApp, anko yuko kwenye maporomoko ya maji, anacheka. Muda mwingi uliobaki anahesabu vichwa. Anahesabu wakishuka kwenye basi, wakitoka bafuni, wakivuka mto, kabla ya kula na baada ya kula. Anayechoka kuhesabu kazi hii haimfai.

Malezi ya namna hii hayakuanza jana katika mlima huu. Upande wa pili, Loitokitok nchini Kenya, shule ya milimani ya Outward Bound ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikiwapokea vijana kwa mazoezi, maisha ya pamoja na safari ya kupanda Kibo. Wazo lilitoka Uingereza, ambako Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alishiriki kuanzisha shule ya kwanza ya aina hiyo huko Aberdovey mwaka 1941. Lakini wale wa Loitokitok walikuwa vijana wakubwa. Wanaoshuka kwenye basi Marangu leo wana miaka minane, tisa, kumi na moja. Na tangu Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, wapo ambao usiku huu ndio wa kwanza maishani kulala mbali na nyumbani.

Kabla ya chakula cha jioni, anko anakusanya mifuko ya dawa na kupitia fomu za afya. Karatasi hizi zinasema mengi kwa yale yasiyoandikwa. Kwenye fomu nyingi, mstari wa magonjwa umejazwa neno moja: hana.

Mtoto mwenye pumu hujulikana haraka, maana pampu yake huonekana. Hewa baridi ya alfajiri, mbio na moshi wa moto wa kambi vyote vinaweza kumbana kifua, kwa hiyo pampu inatakiwa iwe mfukoni mwa mtoto au kwenye begi la anko anayetembea naye. Ikiachwa kwenye gari lililobaki getini haina kazi.

Linaloumiza kichwa ni selimundu, ambayo wengi tunaiita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Zaidi ya 10,000 kila mwaka. Katika basi moja la wanafunzi si ajabu akawepo mmoja. Na wapo wazazi wanaoficha. Mmoja anaogopa mtoto ataondolewa kwenye orodha wakati wenzake wote wanakwenda, mwingine hataki shule ijue, na mwingine amechoka kuona mwanawe anaambiwa kila siku kaa chini, usikimbie. Sababu hizi zinaeleweka. Hakuna mzazi anayeficha kwa ubaya.

Sasa mtazame mtoto huyo akiwa kambini. Usiku ni baridi kuliko alivyozoea. Maji hanywi ya kutosha kwa sababu choo kiko nje na giza linamtisha. Asubuhi anatembea mlimani na wenzake. Baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu na hewa yenye oksijeni kidogo ni mambo ambayo daktari wa kliniki yake humwonya nayo kila siku, na hapa yamekutana yote ndani ya saa kumi na mbili. Miguu inaanza kuuma. Anko aliyesoma "hana" kwenye fomu anaona mtoto anayedeka, anamwambia jikaze, bado kidogo tu.

Anko anayejua angefanya tofauti kabisa. Angehakikisha chupa ya maji inaisha na kujazwa, angempa blanketi la pili, angemwacha kwenye kundi la kuchuma kahawa siku ya kupanda. Maumivu yakianza angemsimamisha, kumfunika, kumpa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wake, na kuita gari bila kusubiri jioni. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi mjini, zaidi ya kilomita 40 kutoka Marangu, nyingi za mteremko na kona. Muda unaopotea kwa kubahatisha ugonjwa ni muda wa mtoto.

Je, mtoto mwenye selimundu aende kambi? Swali hilo ni la daktari wa kliniki yake, na liulizwe mapema kabla ya kulipa ada. Mengi ya kambi hufanyika chini ya msitu, kwenye vihamba, na si lazima kila mtoto afike kila mahali.

Kuhusu kupanda kwenyewe, wazazi wengi wanaogopa visivyo. Hakuna anayewapeleka watoto hawa Uhuru, mita 5,895. Kanuni za hifadhi haziruhusu aliye chini ya miaka 10 kwenda juu ya takriban mita 2,700, na safari ya kundi huishia kituo cha Mandara, mita 2,720, kisha kurudi siku hiyo hiyo. Ni kama kilomita nane za msitu kutoka geti la Marangu: mizizi, matope, mbega weupe na weusi wanaoruka juu ya vichwa. Watoto huuliza "Anko, tumefika?" tangu dakika ya kumi.

Hata hivyo Mandara si Kigamboni. Kila pumzi pale inabeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Mtu mzima akipatwa na ugonjwa wa mwinuko atasema kichwa kinauma, ana kichefuchefu. Mtoto wa miaka minane hasemi hivyo. Ananyamaza, anakataa biskuti aliyokuwa anaigombania, anakaa chini wenzake wakicheza. Anko mzuri hutazama biskuti. Dalili zikionekana, dawa yake ya kwanza ni kushuka, hata kama kundi lote limebakiza dakika ishirini na hata kama mtoto mwenyewe analia anataka picha.

Shughuli za chini ndizo watoto hukumbuka zaidi. Wanafuata mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, wakaona maji yanavyopita kutoka kihamba kimoja kwenda kingine. Wanakula mtori, wengine kwa kununa siku ya kwanza na kwa kuongeza siku ya tatu. Wanaonyeshwa isale, mmea unaooteshwa mipakani mwa vihamba, ambao jani lake Mchagga humpelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Ugomvi wa vitanda ukitokea usiku, anko hahitaji fimbo. Anampeleka mkosaji bustanini akachume jani.

Usiku ndio mrefu. Yupo anayelilia mama saa nne, na mara nyingi simu ya nyumbani huongeza kilio badala ya kukipunguza. Yupo anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi, jambo la kawaida kuliko wazazi wanavyodhani. Mzazi akimnong'oneza kiongozi mapema, shuka hubadilishwa alfajiri na hakuna anayejua. Asipomwambia, bweni zima litajua kabla ya chai.

Na kuna swali ambalo mzazi aulize bila aibu: nani analala wapi? Kwenye kambi inayojiheshimu, mtu mzima haingii chumba cha watoto peke yake usiku. Wanaingia wawili, mlango wazi, na wasichana huangaliwa na dada. Anayemwogesha au kumpaka dawa mtoto hafanyi hivyo faraghani. Kambi ikijibu kwa kucheka au kwa "sisi wote ni familia hapa", tafuta nyingine. Mtoto afundishwe pia kabla ya safari kwamba siri ya mtu mzima si siri yake, na kwamba namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, ipo kwa ajili yake pia.

Likizo ndefu ya Juni huangukia msimu wa baridi mlimani, kwa hiyo sweta moja la shule halitoshi; weka mawili, soksi nzito na koti la mvua. Ile ya Desemba ina mvua za vuli na mbu wengi kule chini. Homa inayompata mtoto siku ya pili kambini huenda malaria yake aliipata Dar, Tanga au Morogoro wiki moja au mbili nyuma. Kiongozi asiyepuuza humpeleka kupimwa siku hiyo hiyo badala ya kumpa panadol na kumwambia ni baridi tu. Hali ni hiyo hiyo akirudi: mtoto aliyetoka kambi akichemka ndani ya wiki chache, mpeleke kituo cha afya, akapimwe malaria, na umweleze mganga kila mahali alikolala.