Mgeni katika Ibada ya Pasaka

Asubuhi ya Pasaka mzee wa kanisa asimamaye mlangoni huwa na kazi ngumu kuliko ya mhubiri. Mhubiri ana maneno aliyoyaandaa tangu juma lililopita, na watu watamsikiliza hata wasipopenda, maana wamekwisha keti. Mzee wa mlangoni hana maandishi. Watu humjia wawili, kumi, pengine jamaa nzima iliyoshuka katika basi la usiku, na kwa kila mmoja yampasa kukata shauri mara moja: huyu ataketi wapi? Wengi hudhani kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo hata kidogo, kwa kuwa mgeni aweza kuyasahau mahubiri kabla ya Jumatatu, bali mahali alipoketishwa hapasahau kwa miaka mingi.

Wageni wa siku hiyo huwa wengi kwa sababu zilizo wazi. Katika Kenya, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko kwa sheria, basi mwenye kazi ya mshahara hupata siku nne mfululizo. Yeye aliye Nairobi huenda kwao kuwaona wazee wake. Mwingine huwachukua watoto Mombasa wakaone bahari, na tangu treni mpya ianze mwaka 2017 wasafiri hao wamezidi. Lakini iko sababu nyingine ambayo wakubwa wa dini hawapendi kuikumbuka: ni wao wenyewe walioiweka. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwaagiza Wakatoliki wapokee Komunio walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kiliamuru walau mara tatu, na Pasaka iwe mojawapo. Kwa hiyo mtu aonekanaye siku ya Pasaka tu, pengine baba yake na babu yake walifanya hivyo hivyo, wala hawakujiona kuwa wamekosa.

Hata hivyo wako wahubiri ambao, wakiliona kanisa limefurika, hawawezi kujizuia. Badala ya kufurahi, huanza kuuliza kwa dhihaka watu hawa walikuwa wapi tangu Krismasi. Wenyeji hucheka, na wageni nao hucheka kwa kuwa hawana la kufanya. Kisha huenda zao, na mwaka wa pili hukaa nyumbani. Haieleweki mhubiri wa namna hiyo hutaraji nini. Mkulima aliyeona shamba lake limeota baada ya ukame hasimami ukingoni akayakemea mahindi kwa kuchelewa.

Turudi kwa habari ya kuketi. Katika makanisa mengi mabenchi ya mbele huwekwa wazi hata dakika ya mwisho, kwa ajili ya mheshimiwa ambaye huenda akafika na huenda asifike. Akifika, watu huondolewa ili yeye na wafuasi wake wapate nafasi, na mara nyingi waondolewao ni akina mama wenye watoto, maana hao hawabishi. Mtume Yakobo alikwisha liona jambo hili katika karne ya kwanza. Katika sura ya pili ya Waraka wake amemtaja mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anayepewa mahali pa heshima, na maskini anayeambiwa asimame kando au aketi chini. Waraka huo husomwa kanisani mara nyingi, na pengine husomwa na yule yule aliyeyapanga mabenchi.

Mvua nayo ina neno. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, ndiyo kusema wakati masika yanaanza au yamekwisha kolea. Anayetoka mbali kwa miguu hufika na tope hata magotini, naye hulitazama lile sakafu lililopigwa deki Jumamosi yote na akina mama wa kanisa, akaona afadhali abaki nje chini ya mwembe au chini ya turubai. Hapo ndipo ukarimu hupimwa. Kanisa moja huweka kando ya mlango ndoo ya maji, gunia na kitambaa, na kijana mmoja wa kumwagia mtu maji miguuni bila kusema mengi. Kanisa jingine huweka kijana wa kuwaambia watu wasiingie na matope. Gharama ni ile ile.

Sasa ije habari ya ile desturi ya kuwasimamisha wageni. Karibu kila mahali, wakati wa matangazo, wageni huombwa wasimame, wataje majina yao, watokako, na kanisa walilolelewa ndani yake. Kisha watu hupiga makofi na kwaya huimba wimbo wa kuwakaribisha. Desturi hii isidharauliwe. Ina asili njema, kwa maana zamani msafiri alikuwa ndiye barua, na mtu aliyetoka mbali akisema kwamba ndugu wa huko wanawasalimu, wenyeji waliona kwamba hawako peke yao duniani. Wako wageni waipendao sana nafasi hiyo, hata kuinyang'anya kipaza sauti kutoka kwao ni kazi.

Lakini si wote. Yuko karani aliyehamishwa wilaya juzi, hajui mtu, naye amekuja kanisani kwa sababu ndipo mahali pekee anapojua namna ya kuingia bila kuulizwa shabaha. Yuko mwanamke aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita, anayeogopa kwamba akitaja jina lake machozi yatamtoka mbele ya watu mia tatu. Yuko mzee aliyegombana na kanisa lake kwa habari ya mke wa pili, au ya deni, au ya pombe, naye amesafiri maili ishirini ili asali mahali asipojulikana. Watu kama hao wakiona macho yote yamegeuka, huinamisha vichwa na kujifanya wenyeji. Na jirani mwenye bidii huwagusa bega na kuwaambia kwa sauti, ‘Simama, ndugu, wewe ni mgeni!’ Amefanya hivyo kwa moyo mwema, bila shaka. Ila mgeni amekwisha azimia kwamba hatarudi.

Dawa yake si kuifuta desturi. Yatosha mzee wa mlangoni amwulize mtu kwa sauti ya chini kama angependa kuwasalimu watu. Akisema ndiyo, jina liandikwe kwenye karatasi. Akisema hapana, apewe kitabu cha nyimbo na aachwe na amani yake. Kitabu hicho, kwa kweli, ni msaada mkubwa kuliko makofi. Mgeni asiyejua lugha ya mahali, kama vile Mluo aliyejikuta katika ibada ya Kikamba, hushika lolote analoweza kushika, na namba ya wimbo ni kitu cha kushika. Jirani akimfungulia ukurasa na kumwonyesha mstari kwa kidole, huyo mgeni ataimba tuni aijuayo kwa maneno asiyoyajua, na ataondoka akisema kwamba alisali.

Inafaa kukumbuka kwamba habari zenyewe za Pasaka ni habari za mgeni asiyetambuliwa. Mariamu Magdalene alimdhania kuwa mtunza bustani. Wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, mwendo wa kilomita kama 11 kutoka Yerusalemu, walitembea naye njiani wakizungumza naye, wasimjue. Luka anaeleza kwamba walipokaribia kijiji yeye alifanya kana kwamba anaendelea mbele, nao wakamsihi akae, kwa kuwa jua lilikuwa likishuka. Hawakumwuliza jina. Walimpa mahali mezani, na hapo mezani, alipoumega mkate, ndipo macho yao yakafumbuka. Kama wangalimwachia njia aende zake, kwa adabu na kwaheri nyingi, wangalilala usiku ule katika huzuni yao.

Hapa Kenya pia makanisa ya kwanza yalianzishwa kwa kukaribisha. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaenda Rabai, wakapokewa na wazee wa Kirabai, ambao hawakuwa Wakristo. Wageni wa kwanza, basi, walikuwa wamisionari, na wenyeji walikuwa watu wa kaya. Baadaye ikawa zamu ya kanisa. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na kiongozi wa Wakristo wa hapo, William Henry Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomeshwa India, alijua vyema maana ya kutokuwa na kwenu. Askofu James Hannington alimtia ushemasi mwaka 1885. Watoro walipewa mahali pa kujenga, pa kulima na pa kusali, ijapokuwa mabwana wao waliwadai, na wakubwa wa misheni wenyewe walikuwa na hofu ya kuleta vita juu ya watu wote. Ugomvi ulipozidi mwaka 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alikubali kuwalipa wenye watumwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru wao. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 21 Aprili.

Kanisa la leo halidaiwi mambo makubwa kama hayo. Hakuna bwana mwenye mnyororo angojaye nje. Linadaiwa nafasi kwenye benchi, ndoo ya maji, na chakula cha mchana; na hapo kwenye chakula ndipo wengi hushindwa. Ibada ikiisha, wenyeji hupeana mikono na wageni kwa furaha kubwa, huwaambia ‘Karibuni tena’, kisha kila mtu huelekea kwake penye pilau au kuku, na mgeni husimama uwanjani akingoja mvua ipungue. Maneno ya kumkaribisha yamekuwa mengi kuliko chai. Wako wanaojitetea kwamba nyumba zao si za kuletea mtu wa cheo. Mtu wa cheo, ikiwa ni karani wa kawaida, amelala juma zima katika chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja na jiko la mafuta ya taa, na ugali wa mtu mwingine ungemfurahisha kuliko wajuavyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao hawakuwa na maana ya kumfukuza. Mwenye jembe mkononi si mgeni tena. Karani huyo aliyehamishwa mwezi wa Machi, akipata nyumba moja ya kulia chakula siku ya Pasaka, ndiye aonekanaye Jumapili ifuatayo amesimama nyuma ya kwaya, katika sauti ya besi, akikosea maneno. Na kabla mwaka haujaisha huwa amekwisha kabidhiwa daftari la sadaka, kwa sababu imegunduliwa kwamba hesabu zake hazina makosa.